Somo: kurekebisha migongano ya nyuzi (kazi zinazoendeshwa kwa wakati mmoja) kwenye msimbo wa mtandao wa kerneli, yaani kiini cha Linux

Kila wiki naletewa picha ya skrini ya kerneli iliyoanguka na swali lilelile: "Niweke kufuli wapi?" Nimeandika hapa ili nisirudie. Kufuli (kinachoruhusu uzi mmoja tu kugusa data kwa wakati) ni hatua ya nne.

1. Jenga kerneli ya majaribio yenye KASAN (hukagua matumizi mabaya ya kumbukumbu) na PROVE_LOCKING (hukagua mpangilio wa kufuli), nyingine yenye KCSAN (hutafuta migongano ya data). Ziendeshe ndani ya QEMU (mashine pepe) kwa prosesa mbili au zaidi.

2. Soma ripoti yote. KASAN hukuonyesha aliyegusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, aliyeitenga na aliyeiachilia.

3. Andika kwa sentensi moja: ni data gani, na ni akina nani wawili wanaoigombania. Ukishindwa, usiguse msimbo. Chukua CVE-2016-8655 (namba ya rejista ya udhaifu wa usalama), kosa la soketi za pakiti lililoingia 2011. Upande mmoja, kazi ya packet_set_ring ilikuwa ikiunda ringi (bafa ya pakiti) ya toleo la TPACKET_V3 na kuandaa taima. Upande wa pili, packet_setsockopt ilikagua kama ringi ipo, ikaona haipo, ikabadilisha toleo. Soketi ilipofungwa, toleo jipya halikuhitaji taima, kwa hiyo taima haikusimamishwa. Ikalia juu ya kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. lock_sock (kufuli la soketi) ilikuwepo kwenye packet_set_ring, ila ilishikwa kwa kuchelewa. Kiraka (marekebisho ya msimbo) kiliipandisha juu, kikaweka ukaguzi na badiliko la toleo ndani ya kufuli hilohilo.

4. Chagua kufuli. Kama softirq (sehemu ya kerneli inayoshughulikia pakiti zinazoingia) nayo inalihitaji, upande wa mchakato utumie spin_lock_bh, spinloku (kufuli linalosubiriwa bila kulala) inayozuia softirq kwenye prosesa hiyo. Ukitumia spin_lock tupu, pakiti ikiingia kwenye prosesa ileile, itasubiri kufuli ambalo halitaachiliwa kamwe.

5. Kuachilia kumbukumbu. Hapa ndipo viraka vingi hufa, na mpangilio ndio kila kitu. Kwanza toa kitu kwenye orodha kwa list_del_rcu, asikipate msomaji mpya (RCU huwaacha wasomaji wasome bila kufuli, na kumbukumbu huachiliwa wakishamaliza). Pili simamisha taima kwa timer_delete_sync (kwenye kerneli za zamani, del_timer_sync). Tatu achilia kwa kfree_rcu. ONYO: usiite timer_delete_sync ukiwa umeshika kufuli ambalo kazi ya taima inalitaka, wewe utaisubiri, nayo itakusubiri. ONYO: taima inayojiwasha yenyewe inaweza kufufuliwa na njia nyingine, tangu kerneli 6.2 ipo timer_shutdown_sync inayokataza hilo. ONYO: synchronize_rcu hulala ikingoja wasomaji, usiiite ndani ya spinloku. Na msomaji anayetaka kubaki na kitu baada ya rcu_read_unlock kwanza, kabla yake, aongeze hesabu ya watumiaji kwa refcount_inc_not_zero, kwa sababu hesabu hiyo huenda imeshafika sifuri.

6. Rudia jaribio usiku kucha, kisha tuma kiraka netdev (orodha ya barua pepe ya watengenezaji wa mtandao wa kerneli) chenye "PATCH net" na mstari wa Fixes unaotaja badiliko lililoleta kosa.

MASWALI

Kipanga: Mkuu, nimeongeza msleep (kulala kidogo) na tatizo limeisha. Nitume?
— Hapana. Umelificha. Hatua ya 3.

Kipanga: Lakini haianguki tena.
— Kwenye mashine yako. Data ni ipi, na wawili hao ni akina nani? Ukijibu, tutaendelea.

Bi Nyuzi: Samahani mwalimu, READ_ONCE imenyamazisha KCSAN. Inatosha?
— Swali zuri, dada. Inamzuia kompaila kurudia au kugawanya usomaji. Haizuii prosesa nyingine kubadilisha thamani sekunde hiyohiyo. Kwa thamani ya usanidi inayosomwa mara moja tu, sawa. Kama unakagua halafu unatenda, haitoshi. Rudi kwenye mfano wa ringi uone.

Bi Nyuzi: Na lockdep (kikaguzi cha PROVE_LOCKING) imelalamika ingawa mashine haijawahi kuganda?
— Ndiyo kazi yake. Inakumbuka mpangilio wa kufuli: asubuhi A kisha B, jioni B kisha A, inapiga kelele bila kungoja zikutane. Iamini.

Mtaa wa Saba: Mnasomaje anwani zile za ripoti?
— scripts/decode_stacktrace.sh pamoja na vmlinux (faili la kerneli uliyojenga) yenye taarifa za dibagi. Inakupa faili na mstari.

Mtaa wa Saba: Mimi huweka mdelay (kuchelewesha kidogo) katikati ya ukaguzi na badiliko, mgongano unatokea haraka.
— Mbinu safi kabisa, kaka. Na inafanya kazi hata ndani ya spinloku, kwa kuwa hailali. Iondoe kabla ya git commit.