SOMO: Jinsi ya kuitambua simetali bila kukariri

Wakuu habari zenu. Nimeamua nishushe hili somo maana watu wanateseka sana na simetali, yaani elementi ambazo sio metali, mtu anakariri majina mwanzo mwisho halafu akiletewa elementi ambayo haikuwemo kwenye notsi anakwama. Shida ni kwamba wengi wanaangalia sura, inang'aa basi metali, haing'ai basi simetali, na sura inadanganya. Anza na elektroni, sura baadaye.

HATUA YA 1: Chora jedwali la elementi, hata kwa mkono. Anzia boroni ushuke ngazi kwenda kulia mpaka astatini. Juu ya ngazi upande wa kulia ndo kwa simetali, kushoto ni metali, na zinazokaa kwenye ngazi kama boroni na silikoni ni nusu metali. Haidrojeni iko kona ya juu kushoto kwa sababu ina elektroni moja, ila yenyewe ni simetali, usiisahau.

HATUA YA 2: Andika mpangilio wa elektroni, yaani idadi ya elektroni kwenye kila ganda linalozunguka kiini, kuanzia la ndani kwenda la nje. Hapa ndo penyewe, tulia. Sodiamu ni 2:8:1, kuiachia ile moja ni rahisi kuliko kutafuta saba, kwa hiyo inaiachia, ndo umetali wenyewe huo. Klorini ni 2:8:7, imebakiza moja tu zitimie nane, inanyakua. Salfa 2:8:6 inataka mbili. Kaboni 2:4 iko katikati, kutoa nne kazi, kupokea nne kazi, basi inachangia na wenzake. Kunyakua au kuchangia, hiyo ndo tabia ya simetali. Gesi bwete kama neoni zimeshajaa, hazihangaiki na mtu, ila nazo ni simetali.

HATUA YA 3: Hali yake kwenye joto la kawaida. Nyingi ni gesi, bromini peke yake ni kimiminika, na kaboni, fosforasi, salfa, seleniamu na iodini ni yabisi.

HATUA YA 4: Gonga, kisha pima umeme. Chukua kipande cha salfa ukipige nyundo kidogo tu, hakibonyei kama shaba, kinasambaratika na unga wa njano unabaki kwenye nyundo. Kiunganishe na betri na balbu, balbu haiwaki.

HATUA YA 5: Angalia oksidi, yaani kile elementi inachotengeneza ikiungana na oksijeni. Salfa ikiungua inatoa mwali wa bluu na gesi inayobana kifua, kwa hiyo fanyeni maabara yenye kabati la kuvuta hewa, mwalimu akiwepo. Litimasi ya bluu (karatasi ya kupima asidi) iliyoloweshwa inageuka nyekundu, maana oksidi nyingi za simetali ni asidi. Sio zote lakini, maji yenyewe ni oksidi ya haidrojeni na hayana upande.

MASWALI

Swali: Mkuu, mbona grafiti inapitisha umeme na ni kaboni?
Jibu: Swali zuri sana ndugu yangu. Kwenye grafiti kila atomu imeshikana na tatu tu, elektroni ya nne inabaki huru inatembea kwenye tabaka. Kwenye almasi zote nne zimefungwa, ndo maana haipitishi.

Swali: Iodini inang'aa kabisa, nimeiona kwa macho yangu.
Jibu: Ni kweli inang'aa, fuwele zake ni kijivu cheusi. Ila ipashe moto taratibu kwenye testityubu uone mvuke wa zambarau unavyopanda, kule juu kwenye ubaridi unarudi kuwa fuwele. Ganda la nje lina elektroni 7, inanyakua kama klorini.

Swali: Na zebaki je? Ni kimiminika.
Jibu: Metali hiyo. Inapitisha umeme na inatoa elektroni.

Swali: Mwalimu samahani, heliamu ina elektroni 2 nje kama magnesiamu, kwa nini sio metali?
Jibu: Usiombe samahani dada, hapo wengi wanateleza. Ganda la kwanza linajaa kwa 2 tu, kwa hiyo heliamu imeshajaa, haina cha kutoa. Magnesiamu ni 2:8:2, hizo mbili ziko ganda la tatu, mbali na kiini, zinatoka kirahisi.