SOMO: SAT na maombi ya mapema, mfano wa Dartmouth

Wakuu, kila msimu swali ni lile lile: "Nina alama fulani za SAT (mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani), niombe mapema au nisubiri?" Nitatumia Dartmouth College, iliyoko Hanover, New Hampshire, kwa sababu maombi yake ya mapema yanakufunga, na hapo ndipo wengi huteleza.

Hatua ya 1: Jua unachosaini
Mtindo huu huitwa ED (Early Decision, yaani maombi ya mapema yanayokufunga). Unasaini wewe, mzazi na mshauri wa shule kwamba ukikubaliwa utakwenda, na maombi mengine utayaondoa. Mwisho wa kutuma ni Novemba 1, majibu hutoka katikati ya Desemba. Harvard, Yale, Princeton na Stanford nao wana maombi ya mapema; hayakufungi, ila yanakubana usiombe mapema kwenye vyuo vingine binafsi.

Hatua ya 2: Pesa kabla ya alama
Tangu 2022 Dartmouth haiangalii mfuko wa mzazi inapoamua nani adahiliwe, hata kwa sisi wa nje, na hugharamia pengo lote la uhitaji kwa hesabu zake. Zingatia hayo maneno "hesabu zake". Kaa na mzazi mjaze fomu ya CSS Profile, ya kuombea msaada wa fedha, kwa ukweli: mshahara, duka, nyumba ya kupangisha. Msaada usipotosha unaweza kuomba kuachiliwa, lakini hutakuwa na ofa ya chuo kingine ya kulinganisha. Anayehitaji kulinganisha asisaini.

Hatua ya 3: Soma alama yako kama wanavyoisoma wao
SAT ina alama 1600, sehemu mbili za 800. Dartmouth iliacha kuidai wakati wa korona, ikairudisha Februari 2024. Sababu yake inatuhusu: utafiti wa maprofesa wake wenyewe ulionyesha kuwa vijana wa familia duni wenye alama za kama 1400 walizificha wakidhani ni ndogo, kumbe zingewabeba. Alama husomwa pamoja na shule uliyotoka. 1400 ya shule ambayo hakuna aliyewahi kuufanya mtihani huo si sawa na 1400 ya mtoto mwenye mwalimu wa kulipia. Kwa hiyo acheni kuangalia wastani wa waliokubaliwa na kuzira.

Ukisoma nje ya Marekani, badala ya SAT unaweza kutuma matokeo halisi au makadirio ya A-Level, IB (International Baccalaureate) au mtihani wa taifa wa ngazi hiyo.

Hatua ya 4: Tarehe
Fanya mtihani Agosti, ukirudia iwe Oktoba. Wanachukua alama bora ya kila sehemu, hata kama ni za siku tofauti.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nipo Form 6, NECTA ni Mei. Novemba nitatuma nini?*
Matokeo ya Form 4, ripoti za Form 5 na makadirio ya walimu. Shule zetu nyingi hazijazoea kuandika makadirio, kwa hiyo mwone mwalimu wa taaluma mapema, ukiwa na matokeo yako mkononi. Akisita, fanya SAT tu.

*Lakini si wanachukua asilimia kubwa zaidi mapema? Huo si mteremko?*
Ndani ya asilimia hiyo kuna wanamichezo ambao makocha walishawachagua. Waondoe hao na mteremko unapungua sana. Faida ipo, ila usiiuzie uhuru wako wa kuchagua.

*Dogo wangu ameahirishwa, yaani hajakubaliwa wala kukataliwa. Bado amefungwa?*
Hapana. Kuahirishwa kunamfungua, faili lake linahamia kundi la kawaida, majibu mwishoni mwa Machi. Atume maombi kwingine haraka, vyuo vingi hufunga mwanzoni mwa Januari. Dartmouth awaandikie barua moja yenye jambo jipya, kama matokeo au tuzo. Moja inatosha, asiwasumbue kila wiki.