Somo: Namna ya kuchagua kishikwambi kidogo cha bei nafuu ambacho bado kinapata masasisho

Kishikwambi changu cha kwanza, au tableti kama wengi tunavyoiita, kilikuwa cha inchi 7 chenye hifadhi ya gigabaiti 16, na nilikinunua kwa sababu moja tu: kilikuwa rahisi kuliko vyote vilivyopangwa kwenye kabati la kioo. Miezi minane baadaye kikaniletea taarifa ya sasisho, nikabonyeza, nikaambiwa kwamba nafasi haitoshi. Nikafuta picha, nikafuta vitabu, nikafuta ramani, na bado nafasi haikutosha, kwa kuwa mfumo wenyewe pamoja na programu za mtengenezaji zisizofutika vilikuwa vimekalia zaidi ya nusu ya hifadhi. Hilo ndilo lilikuwa sasisho la kwanza na la mwisho nililotumiwa. Somo hili ni kwa ajili ya anayetaka kununua kifaa kidogo, cha inchi 7 hadi 9, bila kurudia kosa hilo.

Hatua ya kwanza: tofautisha aina za masasisho

Muuzaji akikwambia kwamba kifaa "kinapata masasisho", muulize ni yapi, maana jina ni moja na vitu ni vitatu. Kuna toleo jipya la mfumo, kama vile kutoka Android 13 kwenda 14, ambalo hubadilisha sura na uwezo wa kifaa. Kuna viraka vya usalama, ambavyo havibadilishi chochote unachokiona lakini huziba mianya ambayo wahalifu huingilia. Google ilianza kuvitoa kila mwezi Agosti 2015, baada ya kugundulika kwa udhaifu ulioitwa Stagefright. Halafu kuna masasisho ya programu moja moja kutoka dukani, ambayo huendelea kuja hata pale mtengenezaji alipokwisha kukisahau kifaa, na haya ndiyo yanayowadanganya wengi wakadhani kifaa chao kiko salama.

Kwa kifaa cha bei nafuu, mimi hutazama viraka vya usalama kuliko toleo jipya. Toleo jipya huongeza uzito, na kifaa chenye kichakataji dhaifu huweza kulemewa nalo. Kiraka hakina uzito huo, na bila hicho sishauri mtu afungue akaunti ya benki humo.

Ni vizuri pia kujua kwa nini viraka huchelewa. Google hutoa marekebisho, mtengenezaji wa chipu huongeza yake, kisha mtengenezaji wa kifaa huyapima kwa kila muundo alionao kabla ya kuyatuma. Mpangilio ulioletwa na Android 8 mwaka 2017 ulitenganisha sehemu ya mfumo na sehemu ya chipu ili kupunguza kazi hiyo, na tangu Android 10 ya mwaka 2019 baadhi ya vipande hupitia moja kwa moja kwenye duka la Google Play. Hata hivyo sehemu kubwa bado imo mikononi mwa mtengenezaji, naye huanza na vifaa vyake vya bei ya juu, huku vile vya bei ya chini vikipangiwa zamu ya kila baada ya miezi mitatu au zaidi.

Hatua ya pili: hesabu muda uliobaki, si muda ulioahidiwa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Ahadi ya miaka minne kwa kawaida huhesabiwa tangu siku muundo ulipoingia sokoni, wala si tangu siku ulipolipa wewe. Chukua mfano wa iPad mini 4: ilitoka Septemba 2015, ikaendelea kuuzwa hadi Machi 2019, na iPadOS 16, mfumo wa vishikwambi vya iPad, ilipokuja mwaka 2022 haikujumuishwa. Aliyeinunua mwanzoni alipata takriban miaka saba ya matoleo mapya. Aliyeinunua mwishoni alipata miaka mitatu na nusu kwa kifaa kilekile.

Kwa hiyo tafuta mwezi na mwaka wa kutoka kwa muundo, ongeza muda ulioahidiwa, toa miezi iliyokwisha kupita, kisha gawa bei kwa miezi iliyobaki. Tuseme kifaa kimoja kinauzwa 100 na kimebakiza miezi 18, kingine kinauzwa 160 na kimebakiza miezi 48. Cha kwanza kinakugharimu zaidi ya 5.5 kwa mwezi, cha pili 3.3 tu. Kile kilichoonekana ghali ndicho nafuu.

Zipo ahadi zinazohesabiwa kwa namna nyingine. Amazon, kwa vishikwambi vyake vya Fire, huahidi viraka vya usalama kwa angalau miaka minne tangu kifaa kilipouzwa kwa mara ya mwisho kwenye tovuti zake, jambo linalomlinda hata mnunuzi aliyechelewa. Umoja wa Ulaya nao, tangu tarehe 20 Juni 2025, una kanuni za masasisho kwa simu na vishikwambi vipya vinavyoingizwa katika soko lake, nazo pia huhesabu miaka tangu muundo ulipokoma kuingizwa sokoni.

Hatua ya tatu: kagua tarehe kwa macho yako

Washa kifaa, fungua Mipangilio, shuka hadi sehemu inayohusu kifaa, gusa toleo la Android, na utaona tarehe ya sasisho la usalama. Usikimbilie kuhukumu: kifaa kilichokaa kwenye boksi muda mrefu lazima kionyeshe tarehe ya zamani. Kiunganishe na intaneti, bonyeza sehemu ya kutafuta masasisho, usubiri. Kikishusha sasisho na tarehe ikasogea karibu na mwezi uliopo, una kifaa kinachohudumiwa. Kikisema kwamba kimekwisha kusasishwa, ilhali tarehe imebaki nyuma miezi kumi, kirudishe kwenye boksi.

Hatua ya nne: hakikisha mwili unaweza kuibeba roho

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kifaa hufanyia kazi, isipungue gigabaiti 4 na hifadhi isipungue 64. Jina moja huweza kubeba miili tofauti. Galaxy Tab A9 ya Samsung ya inchi 8.7, kwa mfano, ilitolewa ikiwa na RAM ya 4 na hifadhi ya 64, na pia ikiwa na 8 na 128. Nafasi ya kadi ya kumbukumbu ni msaada kwa picha na video, lakini haimsaidii mtu aliyepungukiwa na hifadhi ya ndani wakati wa kusasisha mfumo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimeona kifaa cha chapa nisiyoijua, bei ndogo sana, kimeandikwa RAM 16. Inawezekana?
Jibu: Soma maandishi madogo. Mara nyingi utakuta ni 4 za kweli na 12 zilizokopwa kutoka kwenye hifadhi, ambazo ni za polepole mno kuitwa RAM. Kisha fungua mipangilio ya duka la Play, sehemu ya maelezo, uone kama kifaa kimeidhinishwa na Google. Kama hakijaidhinishwa, ndugu yangu, kiache.

Swali: Je, iPad mini ya mwaka 2019 iliyotumika bado inafaa?
Jibu: Ilipata iPadOS 26 mwaka 2025, umri ambao vifaa vingi vya bei nafuu havijaufikia. Lakini ukitumia hesabu ya hatua ya pili utaona kuwa umri wake mwingi umekwisha kupita, na betri yake ni ya zamani. Kwa bei ya chini sana, sawa. Vinginevyo tafuta kipya zaidi.

Swali: Changu hakipati viraka tena, nikitupe?
Jibu: Hapana, dada. Ondoa akaunti ya benki na barua pepe kuu, kirudishe katika hali ya kiwandani, kisha kitumie kusomea vitabu na kusikilizia muziki bila intaneti. LineageOS, mfumo wa bure unaotokana na Android na kutengenezwa na watu wa kujitolea, unaweza kukiongezea maisha ikiwa muundo wako umo katika orodha yao, ingawa kazi hiyo huhitaji uzoefu.

Swali: Muuzaji amekataa kufungua boksi. Nifanyeje?
Jibu: Mwombe namba kamili ya muundo iliyobandikwa ubavuni. Tab A9 ya Wi-Fi pekee ni SM-X110, na ya laini ya simu ni SM-X115. Kila moja ina faili zake, na sasisho la moja huweza kutangulia la nyingine. Ukiwa na namba hiyo, tazama kwenye ukurasa wa usalama wa mtengenezaji kama muundo wako bado umo katika orodha ya vinavyohudumiwa na ni kwa zamu gani, ndipo urudi kulipa.