Kanisa Linapojaa: Namna ya Kubaki Chini ya Mkono wa Mungu

Kanisa likiwa na watu sitini, maombi hayahitaji kuhimizwa. Kodi ya ukumbi inadaiwa, spika imeungua, na hakuna wa kumkimbilia ila Mungu. Hatari huja viti vikijaa na sadaka ikizidi matumizi.

Someni 2 Mambo ya Nyakati 26 pamoja, mchungaji na baraza zima la wazee. Mfalme Uzia, aliyefanikiwa alipokuwa akimtafuta Bwana, alipopata nguvu alishika chetezo akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi isiyokuwa yake. Kiburi chake kilivaa sura ya ibada. Kuhani Azaria na wenzake 80 wakamzuia. Badala ya kutubu akawaka hasira, ndipo ukoma ukamtokea kwenye paji la uso. Baada ya kusoma, ulizaneni: hapa kwetu, nani anaweza kumzuia mchungaji mlangoni na asifukuzwe? Kama hakuna jina linalotajwa, anzieni hapo.

Mchungaji awe na watu watatu wa kumuuliza. Mmoja awe mzee wa kanisa, mwingine mchungaji wa kanisa jingine, wa tatu muumini aliyekomaa. Wote wasiwe ndugu zake wala wasiwe wanalipwa na kanisa. Wakutane mara moja kwa mwezi, kwa muda wa saa mbili, simu zikiwa zimezimwa. Maswali yawe ya wazi: Umeomba peke yako lini mara ya mwisho, bila kuandaa mahubiri? Nani amekukosoa mwezi huu, nawe ulimjibu nini? Kuna fedha uliyopokea ambayo mhasibu haijui? Uamsho wa Afrika Mashariki, uliosambaa kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulidumu kwa njia hiyohiyo: ndugu waliketi pamoja, wakatembea nuruni, wakaungama dhambi kwa kuzitaja. Kikao kikigeuka cha kusifiana, badilisheni watu.

Maombi yapewe muda kwenye ratiba kabla ya jambo lingine. Hukatwa ya kwanza kwa sababu hayaleti ankara. Kikao cha wazee kikipangwa saa kumi jioni, dakika 30 za mwanzo ziwe za maombi, na ajenda isigawiwe kabla ya hapo. Karatasi ikishakuwa mkononi watu huomba huku wakisoma bajeti. Katibu awe na daftari lenye safu tatu: ombi, tarehe, jibu. Lisomwe mbele ya kanisa kila baada ya miezi mitatu, pamoja na maombi ambayo hayajajibiwa. Kwenye mkesha, mchungaji akae mkekani na waumini, maikrofoni ashike mwingine.

Hapa Matendo 6 husaidia sana. Manung'uniko juu ya wajane yalipotokea, mitume hawakujiongezea kazi. Walitaka wachaguliwe watu saba, wao wadumu katika kuomba na kulihudumia Neno. Basi mchungaji aandike kazi zake zote za wiki, kisha agawe. Wengi hugawa kinyume: huwaachia wengine wagonjwa na wafiwa, wao hubaki na kitabu cha hundi na fundi wa ujenzi. Kuketi na mfiwa asiye na cha kukupa ni dawa ya kiburi, usiikabidhi yote kwa wasaidizi. Na unapogawa majukumu, kumbuka 1 Timotheo 3:6: aliyeongoka karibuni asipewe uongozi kwa sababu tu ana gari au elimu.

Fedha. Sadaka ihesabiwe na watu watatu wasio wa familia moja, palepale kanisani, baada ya ibada. Wote watie saini kwenye fomu, na fedha iende benki Jumatatu bila kupunguzwa njiani. Akaunti iwe kwa jina la kanisa, yenye watia saini watatu, wawili wakihitajika kila fedha inapotolewa. Mchungaji asiwe mmoja wao. Posho yake ipangwe akiwa nje ya chumba. Paulo naye, alipopeleka mchango Yerusalemu, alitaka wenzake waandamane naye ili asilaumiwe (2 Wakorintho 8:20-21). Msikope kujenga kwa kutegemea kwamba watu wataendelea kuongezeka: deni likibana, mahubiri huanza kuelekea mifukoni.

Hesabu ya watu. Jumla peke yake hudanganya. Tengeni safu nne: waliookoka na kubatizwa hapa, waliohamia kutoka makanisa mengine, watoto wa waumini, na wasioonekana kwa wiki nne. Waliohamia wakizidi waliookoka, mmehamisha kondoo tu, wala hapo hapana cha kutangaza. Mchungaji wa walikotoka apigiwe simu, na barua ya uhamisho iombwe.

Madhabahu. Katika Jumapili nne, moja ahubiri mtu mwingine mwenye uwezo, na mchungaji awepo akisikiliza. Watu wakipungua siku hiyo, mmejua wanamfuata nani. Lifundisheni kanisa 1 Wakorintho 3:6-7, kwamba mwenye kukuza ni Mungu. Bango la mkutano liandike mahali, saa na neno la Injili, picha kubwa ya mhubiri iondoke. Ushuhuda uwe dakika tatu, na asiyejua kumaliza bila kumsifu "baba" aelekezwe kabla ya kupanda. Mchungaji awe na zamu ya usafi Jumamosi, na asipigwe picha akifagia!

Kipimo kigumu kuliko vyote ni kutoa watu. Gideoni alikuwa na 32,000, Bwana akawapunguza hadi 300 ili Israeli wasijisifu. Mkifungua tawi, msipeleke wasumbufu mnaotaka kupumzika nao. Wapeni familia 20 zinazokaa upande huo, wakiwemo mzee mmoja mzuri, mpiga kinanda na watoaji wa kweli, na mlipe posho ya mwinjilisti kwa mwaka wa kwanza. Sadaka ya tawi ibaki tawini. Kwenye ibada kuu kutaonekana viti vitupu kwa miezi kadhaa. Viacheni hivyo, msivijaze haraka kwa matangazo.