Methani ya Moshi imetoka wapi? Chupa, hesabu na upepo

Gesi ya methani ikishapanda hewani, huwezi kujua kwa macho wala pua kama imetoka jarubani, dampo au tumboni mwa ng'ombe. Kinachoisaliti ni uzito. Kaboni yake nyingi ni kaboni-12, chache ni kaboni-13 iliyo nzito zaidi. Tofauti ya uwiano huo na ule wa sampuli rejea huitwa delta, na hupimwa kwa sehemu za elfu: kadiri inavyozidi kuwa hasi, ndivyo methani ilivyo nyepesi. Vijidudu vya vinamasi, mpunga na matumbo ya ng'ombe hutoa methani nyepesi, wastani wa −62 hivi. Gesi na makaa ya ardhini huwa karibu −44, moshi wa mimea inayoungua −22. Hewa ya dunia yenyewe iko −47 na ushei.

Ukichunguza chanzo cha jirani, tuseme majaruba ya mpunga ya Chekereni na Mabogini karibu na mji wa Moshi, kusanya hewa kati ya saa 10 alfajiri na saa 1 asubuhi. Usiku hewa baridi hulala chini na methani hujaa. Jua likipanda inatawanyika. Jaza chupa nane hadi kumi, pamoja na mbili za saa 9 alasiri zitakazokuwa msingi wa kulinganishia.

Tumia chupa ya kioo ya lita 1 yenye vali mbili. Kausha hewa kwa magnesiamu pakloreti, pitisha lita 10 kwa pampu ili kuisafisha chupa, funga vali ya kutokea, kisha jaza hadi shinikizo lizidi kidogo lile la nje. Hapo kwenye shinikizo ndipo wengi huharibu. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Chupa iliyojazwa kwa shinikizo la kule, ikifika Dar es Salaam na vali inavuja, itavuta hewa ya pwani, nawe utapima Kariakoo ukidhani ni Arusha. Wakati wa kujaza, bodaboda na jiko la mkaa visiwe upande upepo unakotokea.

Majibu ya maabara yakija, fanya hesabu. Tuseme msingi ni sehemu 1,900 kwa bilioni, delta −47.6. Chupa ya alfajiri ina 2,400 na −50.6. Zidisha kila kiwango kwa delta yake, toa msingi, gawa kwa ziada, yaani tofauti ya viwango viwili: (−121,440 + 90,440) ÷ 500 = −62. Ni vijidudu. Lakini kosa la 0.1 tu la maabara hapa huwa karibu 0.5 kwenye jibu. Ziada ikiwa 50 badala ya 500, huwa karibu 4, na hapo jibu halina maana. Kwa chupa nyingi, chora delta dhidi ya 1 gawanya kwa kiwango. Mstari unapokata mhimili wa delta ndipo ilipo delta ya chanzo. Nukta zikikataa kunyooka, vyanzo vimechanganyika.

Sasa mtego wa kwetu. Mahindi, miwa na mabingobingo vina kaboni-13 nyingi kuliko mpunga na migomba. Ng'ombe wa tambarare anayekula mabua hutoa karibu −54. Wa kihambani anayelishwa migomba hutoa nyepesi zaidi. Ukiitafsiri −54 kwa wastani wa dunia, utatafuta gesi inayovuja ambayo haipo. Pima kwanza hewa ya zizini.

Delta hutaja aina ya chanzo. Mahali utapata kwa upepo. HYSPLIT, programu ya kufuatilia njia ya hewa ya NOAA (taasisi ya hali ya hewa na bahari ya Marekani), ni bure mtandaoni: chagua kurudi nyuma saa 72, weka −3.35 na 37.34 kwa Moshi. Ukisahau alama ya kutoa, utatua karibu na North Horr, kaskazini mwa Kenya. Saa nayo ni ya kimataifa: saa 12 asubuhi yetu huandikwa 03:00, si 12:00 wala 06:00.

Modeli za kompyuta za dunia nzima huanza na makisio ya vyanzo, huyapeperusha kwa upepo, kisha huyarekebisha hadi yalingane na vipimo. Tangu 2007 methani imepanda huku delta ikishuka, dalili kwamba vijidudu vimechangia sana, ingawa kemia ya angani inayoiondoa methani nayo husogeza delta. Ukitaka kuchangia vipimo huko, peleka vya alasiri tu. Modeli hizo huigawa dunia kwa visanduku, na kisanduku cha digrii 1 kina upana wa kilomita 110 hivi. Kinaweza kumeza Kilimanjaro na Meru pamoja, wala hakijui kwamba usiku upepo wa Moshi hushuka kutoka mlimani.