Kabla hamjashikana hewani na parachuti, sikizeni haya kwanza

Wiki hii vijana wawili wamenifata, mmoja wa Kisauni mwengine wa Changamwe, hapa Mombasa, washaanza kuruka peke yao huko Diani na sasa wanataka kuingia kwenye huu mchezo wa kushikana hewani, ule wa parachuti kupandana moja juu ya nyengine mpaka inakuwa kama ngazi. Nimefurahi wallahi, ni mchezo mtamu na huku kwetu hauna wenyewe wengi. Lakini nikawaambia kaeni chini kwanza, na wewe unayesoma kaa pia, manake yanayomuumiza mtu kule juu mengi yanaanzia huku chini, na mie nna mwenzangu mpaka leo ikifika mwezi wa saba upepo wa baridi ukivuma kifundo cha mguu kinamuuma, na sababu ni mie.

Kwa asiyejua, hapa hatuzungumzii kule kuanguka bure, parachuti bado hazijafunguliwa, mkashikana mikono. Hapa mkitoka tu kwenye ndege kila mtu anafungua parachuti yake hapo hapo, halafu mnatafutana. Wa juu tunamwita rubani, kazi yake ni kwenda moja kwa moja bila kuyumba wala kubadilisha mawazo. Wa pili anakuja kwa chini taratibu mpaka katikati ya kanopi yake, yani kile kitambaa cha parachuti, inagusa miguu ya rubani, rubani anaingiza miguu kwenye kamba anamshika, na hapo mshadoki, mna steki ya watu wawili. Rubani akishuka kwenye kamba mpaka miguu yake ikafika karibu na mabega yako, hio ni pleni, mko karibu mpaka mnaongea kama mko barazani. Wakizidi watu mnaweza kupanga daimondi, umbo la almasi. Mashindano pia yako, wawili wawili na wanne wanne, kuna aina moja ya wanne ambapo wa juu anaachia anazunguka anakuja kushikwa chini, halafu anayefata naye hivyo hivyo mpaka muda uishe. Lakini hayo ni ya baadae, wewe anza na watu wawili, na huyo mmoja awe mtu alowahi kufanya hii kazi mara nyingi, sio rafiki yako mlojifunza naye juzi.

Vifaa. Usije na kanopi yako ndogo ya mbio, mchezo huu una kanopi zake, za vyumba saba, kitambaa chake hakiinuki na kuzama ovyo, na kamba zake ni nene za Dacron kwa sababu zile kamba nyembamba za kisasa zikikupitia mguuni zinakata kama waya. Ile parachuti ndogo inayovuta kubwa lazima iwe ya kurudi ndani ikishamaliza kazi, sio inaning'inia nyuma ikingoja kumnasa mtu. Mzigo wenu ulingane, kama wewe ni mwembamba na mwenzio kajaza basi funga mkanda wa risasi kiunoni, la sivyo mmoja atakuwa anashuka mwengine anaelea na hamtaonana mpaka chini. Suruali ndefu, soksi, viatu visivyo na vile vidude vya kulabu vya kupitishia kamba. Bangili, cheni, pete, toa. Kamera ya kichwani kwa anayeanza hapana, sitaki hata kujadiliana. Helmeti iwe ya uso wazi, lazima usikie na usikike, hili ntalirudia. Kisu cha ndoana, kile kilichopinda makali yako ndani, beba viwili, kimoja ukifikie kwa mkono wa kulia na kimoja kwa kushoto, manake hujui mkono gani utafungwa. Altimita, kile kipima urefu, mkononi. Na kwa vile sisi tunarukia pembeni mwa bahari, jaketi la maboya, hata kama unajua kuogelea tangu utoto wako pale Mama Ngina.

Mwili. Lala. Kunywa maji. Muguka wa jana usiku ukae nyumbani na wewe ukae nao.

Upepo, asubuhi ni bora, ikishafika mchana jua limechoma mchanga na upepo wa bahari umeingia, hewa inakuwa na mashimo mashimo, na parachuti mbili zikiwa zimeshikana ikiporomoka moja basi mmeporomoka wote. Kaskazi na kusi hazifanani, mahali ulipozoea kuanzia kumtafuta mwenzio mwezi wa kwanza sio hapo mwezi wa saba, uliza wenyeji. Mawinguni hamshikani. Na urefu, sisi mstari wetu ni futi 2,500, mita 760 hivi, chini ya hapo hakuna anayemkaribia mwenziwe hata kama mmebakisha hatua moja tu na video inachukuliwa. Mstari ni mstari.

Sasa nije kwenye lile lenyewe, la kifundo cha mwenzangu.

Siku hio tulikuwa tumetoka kisiwani tumechelewa, foleni ya feri pale Likoni mnaijua, tukafika Ukunda jua lishapanda na ndege inataka kuondoka. Kawaida kabla ya kuruka tunafanya mazoezi ya chini, tunatembea mchangani kama tunapaa, huyu anasimama hapa, huyu anakuja na upande ule, kila mtu anasema kwa sauti neno atakalolisema juu. Siku hio tukasema aah, sisi tushazoeana, tukaongea kwenye ndege kwa vidole na vichwa huku injini inanguruma. Hatukupanga maneno. Hapo ndio tulipoharibu, yote yalofata ni deni la hapo.

Tukatoka, tukafungua vizuri, yeye rubani mie wa pili. Nkamuendea kwa kasi kuliko inavyotakiwa kwa sababu moyoni bado nlikuwa na ile haraka ya feri. Badala ya kufika na katikati nkafika na pembeni, ubawa wangu wa kushoto ukapita mbele ya mguu wake ukajizungusha, kanopi yangu nusu ikalala nusu ikabaki na hewa, nkaanza kubembea. Altimita inasema futi elfu tano na kidogo. Yani muda tulikuwa nao, huo ndio uchungu wake, muda tulikuwa nao wa kutosha.

Yeye kwa juu anaona vizuri kuliko mie, akaona kwamba nikivuta kulia tu kile kitambaa kitajitoa chenyewe mguuni. Akapiga kelele, "Kata kulia!" Kama anavyosema mtu yeyote wa hapa, makanga anamwambia dereva kata kulia, mama anamwambia wa tuktuk kata hapo kwa duka. Upepo ukalichukua lile neno la pili. Mie kilichonifikia ni "Kata!" Kwa Kiingereza kuachia parachuti ni "cut away", na mtu alofundishwa kuruka akisikia kata, mkono unaenda wenyewe kwenye mpini wa kuachia parachuti kubwa. Nkavuta. Nkaanguka, ya akiba ikafunguka salama alhamdulillahi, nkatazama juu kumtafuta.

Parachuti yangu yote iko mguuni mwake. Kitambaa, kamba, mikanda, inapiga piga kama shuka lilonyeshewa. Ya kwake ilikuwa bado imesimama, nlimuona ametoa kisu anakata kamba moja moja, anakata anatazama altimita, anakata anatazama, kamba zikapungua lakini kitambaa kimeshajifunga mguuni na kitambaa hakikatiki kirahisi. Ikabidi aende nayo mpaka chini. Alipokaribia mchanga upepo wa baharini ukaingia kwenye kile kitambaa, kikajaa, kikamvuta ubavu, akafikia mguu mmoja umepinda. Kifundo kikavunjika. Wiki sita plasta.

Sitaki mtu anielewe vibaya, kuachia parachuti sio kosa kwa yenyewe, kuna wakati mshafungana vibaya na hio ndio dawa, tena ya haraka. Kosa ni kumuachia mwenzio mzigo wako mguuni wakati hajajua na hajajiandaa, na juu mna urefu wa kutosha wa kuulizana.

Nlienda kumuona hospitali jioni ile ile, nna maneno yangu ya kuomba msamaha nishayapanga njia nzima. Hakunipa nafasi. Aliniuliza kitu kimoja tu, "We ulisikia nini?" Nkamwambia nlisikia kata. Akasema, "Mie nlisema kata kulia." Tukanyamaza wote wawili. Tumesoma huu mchezo kwa Kiingereza, vitabu vya Kiingereza, mwalimu wa Kiingereza, na kila neno huko lina maana moja. Lakini mtu akishikwa na hofu hapigi kelele kwa lugha ya kitabu, anapiga kelele kwa lugha ya mama yake, na lugha yetu hii kata ni kugeuka, kata ni kukata na kisu, kata ni kuachana. Maana tatu kwenye silabi mbili, na zote tatu unazihitaji pale juu.

Kwa hivyo hii ndio sheria yangu na kwa hili ntakuwa mkali: kabla hamjagusa ndege, kaeni mpange maneno, kwa lugha mtakayopigia kelele kweli. Sisi neno kata tumelipiga marufuku kabisa, hata kwenye chai mkipanga kuruka atakayelitumia anasimamishwa anarudia sentensi. Kugeuka ni "geuka" na upande unatajwa mara mbili, "geuka kulia kulia." Kutumia kisu ni "kisu." Kuachia ni "achia," na hakuna anayeachia mpaka awe ametajwa jina lake kwanza na yeye amejibu "naachia," ila tu kama mmeshapita ule mstari wenu wa dharura, mstari ambao nao mnaupanga chini. Aliyefungwa ndio anayeongoza maneno, sababu yeye ndio anajua kimemshika wapi. Mwengine kazi yake ni kutaja urefu, kila baada ya sekunde chache, "elfu nne, elfu nne kasoro." Na nani ataachia kwanza wa juu au wa chini, semeni kwa kila aina ya kufungana, msiseme tutaona.

Mwaka 2007 kule Florida, Lake Wales, watu 100 waliunganisha parachuti zao kwa wakati mmoja daimondi moja, tarehe 21 mwezi wa 11. Mie nkifikiria lile huwa siwazi zile parachuti, nawaza yale mazungumzo. Watu mia, kila mmoja lazima ajue anamfata nani, anaingia upande upi, anaanza kuondoka lini. Wale wameongea chini mpaka wamechoka, hakuna njia nyengine.

Na humo kwenye kuongea ndio undugu unapopatikana, sio kule juu. Juu ni dakika chache. Undugu ni pale mnakula mahamri na mbaazi saa kumi na mbili asubuhi huku mmoja kasimama mchangani kanyoosha mikono anaigiza kuwa kanopi, ni pale mtu anakufungia mkanda wako wa kifuani halafu anauvuta tena kuhakikisha. Mwenzangu alipotoa plasta na mguu ukapata nguvu, mruko wake wa kwanza alisema anataka nimdoki mie, sio mtu mwengine. Tulitembea mchangani mara kumi na moja asubuhi ile. Nlipofika chini yake, taratibu safari hii, katikati kabisa, akaingiza miguu yake kwenye kamba zangu, mguu ule ule, akataja jina langu akasema nimekushika. Hilo neno nalo tulikuwa tumelipanga.

Mengine ni ya kawaida tu. Tokeni nyumbani mapema, kama feri inawatisha zungukeni kwa barabara ya Dongo Kundu, lakini mkichelewa basi ndege iende, kuna ndege nyengine. Angalieni maji, siku za bamvua yakijaa ule mchanga mliopanga kutua haupo, kimebaki kipande kama sebule, kwa hivyo pangeni saa ya kuruka na saa ya maji pamoja. Mwambieni mtu wa boti mko wangapi. Visu vitazameni kama vina kutu, chumvi ya huku haina huruma. Msipakie parachuti huku mnapiga stori. Mgeni akija hata awe na mirukio elfu naye apitishwe kwenye maneno yenu, tena ndio zaidi. Na asiyejisikia vizuri siku hio aseme mapema abaki chini, na asiulizwe kwa nini.