Paa la asbesto na saratani ya mesotelioma: mwongozo kwa wenye nyumba za zamani wa Mtwara na Lindi

Mwezi wa Julai, kusi likiwa limeshika kasi, nilipita mtaa wa Shangani mjini Mtwara nikawakuta vijana wakiezua nyumba ya zamani. Vigae vipana vya kijivu, vyenye mawimbi kama bati, walikuwa wakivipiga nyundo hukohuko juu ili misumari iachie, kisha wakavitupa chini vikapasuka, na vumbi lake likapeperushwa hadi ua wa jirani ambako kanga zilikuwa zimeanikwa kambani. Nilimwomba fundi mkuu asimamishe kazi. Alishuka, akaniamkia kwa adabu, kisha akasema, "Mama, hii ni simenti tu, haina neno." Nilimwonyesha ukingo wa kipande kilichovunjika, bila kukigusa: katikati ya simenti zilikuwa zimechomoza nyuzi fupi, laini, mfano wa katani iliyochanwa ikachanwa tena mpaka ikakaribia kupotea machoni. Nyuzi hizo ndizo asbesto, nami naandika mwongozo huu kwa ajili ya fundi yule, kwa ajili ya jirani mwenye kanga, na kwa kila mwenye nyumba, mwalimu mkuu au msimamizi wa ghala ambaye juu ya kichwa chake kuna paa la namna hiyo.

Asbesto ni madini yanayochimbwa ardhini, na sifa yake kubwa ni kwamba hupasuka kwa urefu na kuwa nyuzi nyembamba zisizoungua wala kuoza. Zipo aina kadhaa, na zilizotumika zaidi viwandani ni asbesto nyeupe, ya kahawia na ya bluu. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita ilichanganywa na simenti kutengenezea vigae vya paa, dari na mabomba ya maji, na pia iliwekwa kwenye breki za magari na kuzungushiwa mabomba ya moto melini na viwandani. Shirika la Afya Duniani limeziweka aina zote za asbesto, pamoja na ile nyeupe ambayo wauzaji waliitetea kwa muda mrefu, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka yoyote.

Mesotelioma ni saratani ya utando. Mapafu yetu yamezungukwa na utando mwembamba wa tabaka mbili wenye majimaji kidogo kati yake, ili mapafu yateleze vizuri tunapovuta pumzi, na utando wa aina hiyo hiyo umezunguka matumbo na moyo. Mtu anapovuta vumbi la asbesto, nyuzi nene hunaswa puani na kwenye makohozi, lakini zile nyembamba hushuka hadi mwisho wa mapafu, na baadhi hupenya zikafika kwenye utando. Huko chembe za mwili zenye kazi ya kumeza uchafu hujaribu kuzimeza zikashindwa, kwa sababu uzi mmoja huweza kuwa mrefu kuliko chembe yenyewe. Kinachofuata ni uvimbe mdogo usiokwisha, mwaka hadi mwaka, unaoharibu taratibu vinasaba vya chembe za utando mpaka siku moja mojawapo inaanza kuzaana bila mpangilio. Kati ya kuvuta vumbi na kuugua hupita kwa kawaida miaka 20 hadi 50, na hapo ndipo ugumu wote ulipo: kijana aliyevunja vigae akiwa na umri wa miaka 22 huja kuugua akiwa na wajukuu, wakati nyumba ile imeshasahaulika.

Uhusiano huu ulithibitishwa hapa hapa barani kwetu. Mwaka 1960 daktari Christopher Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa mesotelioma, karibu wote wakiwa na historia ya kukutana na asbesto ya bluu iliyochimbwa katika Rasi ya Kaskazini. Jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulishika ni kwamba baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Walikuwa wameishi tu karibu na migodi, wengine wakiwa watoto. Baadaye, katika nchi mbalimbali, waligunduliwa pia wake za wafanyakazi walioupata ugonjwa huu kwa kufua nguo za kazi za waume zao. Kwa hiyo fundi akirudi nyumbani na shati lenye vumbi hilo, hatari ameibeba mpaka kwa mkewe na wanawe.

Naomba nisieleweke vibaya, kwa sababu hofu nayo huleta madhara yake. Kigae kizima, kisicho na ufa, kilichotulia juu ya kenchi, hutoa nyuzi chache mno, na mtu aliyelala chini yake miaka mingi hana sababu ya kukosa usingizi. Hatari huongezeka kwa kadiri ya vumbi lililovutwa na muda wa kulivuta, ingawa hakuna kiwango ambacho wataalamu wamekitaja kuwa salama kabisa. Vumbi hutoka pale kigae kinapokatwa kwa msumeno au grainda, kinapotobolewa, kinapopigwa nyundo, kinaposuguliwa kwa brashi ya waya ili kuondoa ukungu, au kinapochakaa mpaka uso wake ukawa kama unga. Nimeona pia vipande vikitumika kuzibia mabanda ya kuku, kuezekea vyoo, hata kupondwa na kujazwa kwenye mashimo ya njia ambako kila pikipiki ikipita inavisaga upya. Haya ya mwisho yananihuzunisha zaidi kuliko paa lolote.

Swali ninaloulizwa mara nyingi, hasa na ndugu zetu wa uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba ambako maji ya mvua ni mali, ni kama maji yaliyokingwa kwenye paa la asbesto yana sumu. Ushahidi uliopo hauonyeshi waziwazi kwamba asbesto iliyonywewa huleta saratani. Njia inayojulikana ni ya kuvuta pumzi. Hata hivyo, tope linalotuama kwenye mfereji wa paa na chini ya kisima huweza kuwa na nyuzi nyingi, na likizolewa na kuachwa likauke uani, upepo utafanya kazi iliyobaki. Lizoe likiwa bichi, lifunge kwenye mfuko imara, na usilitupe bustanini.

Ikiwa paa lako ni la miaka mingi na hujui limetengenezwa kwa nini, lichukulie kuwa ni asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo, kwa maana jicho peke yake haliwezi kutofautisha. Kama ni zima, liache. Kama limepasuka au ni lazima liondolewe, anza kwa kuwaona maafisa wa mazingira na afya wa halmashauri yako, ambao watakuelekeza taratibu za Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira na mahali panaporuhusiwa kuzika taka hizo. Mafundi nao wawe wenye mafunzo ya kazi hiyo. Siku yenyewe, watoto na majirani waondolewe, nguo zianuliwe, na vigae vilowanishwe kwa maji ya kunyunyiza yenye sabuni kidogo kabla ya kuguswa na vibaki vimelowa hadi mwisho. Misumari ifunguliwe au ikatwe, na kigae kishushwe kizima, mkono kwa mkono. Kifungwe kwa nailoni nene tabaka mbili na kiandikwe wazi kilichomo. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii nyuzi hizi. Inatakiwa barakoa maalumu ya vumbi laini, inayobana uso sawasawa. Ufagio mkavu usitumike kabisa; sakafu ifutwe kwa tambara bichi ambalo nalo litafungwa na kuzikwa. Wala usichome, kwani asbesto haiungui, na kigae chenye simenti hulipuka motoni.

Kwa upande wa ugonjwa, dalili za mwanzo ni kuishiwa pumzi, maumivu ya upande mmoja wa kifua, kikohozi, kupungua uzito na maji kujaa kwenye utando wa pafu. Ukiwa wa tumbo, tumbo huvimba na kuuma. Huku kwetu maji kifuani mara nyingi huhusishwa na kifua kikuu, na ni haki daktari akianza huko. Lakini kama vipimo vya kifua kikuu havionyeshi kitu, au dozi imemalizika na maji yanarudi, mgonjwa apewe rufaa, kwa sababu mesotelioma huthibitishwa kwa kukata kipande kidogo cha utando na kukichunguza kwa hadubini. Picha ya eksirei peke yake haitoshi. Safari hiyo huanzia hospitali ya Ligula mjini Mtwara au ya Sokoine mjini Lindi na mara nyingi huishia Muhimbili na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Dawa zipo za kupunguza kasi yake, na wachache hufanyiwa upasuaji, ila kwa kweli wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, na hapo tiba shufaa ya kutoa maji na kutuliza maumivu ni haki ya mgonjwa. Sigara haisababishi mesotelioma, lakini kwa mtu aliyevuta asbesto huzidisha mno hatari ya saratani ya mapafu, basi aliyewahi kufanya kazi hizi aiache leo.

Daktari hawezi kuona jengo ulilobomoa mwaka 1985. Kaa na baba, mjomba au babu yako aliyewahi kuwa fundi, kuli wa bandarini, fundi bomba au mfanyakazi wa kiwandani, na mwandike kwenye daftari kila kazi aliyofanya, mahali, mwaka, na alichoshika kwa mikono yake. Daftari hilo liende naye kliniki, na nakala ibaki nyumbani, kwa kuwa hata madai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huhitaji kuonyesha kwamba ugonjwa umetokana na kazi.